Picha ni amana, kadi moja ndo ilinifundisha

Kwenye begi langu la kamera kuna kamfuko ka pembeni ambako siweki kitu kingine zaidi ya memori kadi moja ya gigabaiti 32, sijaitumia tangu 2012 na sitaitumia tena. Vijana ninaofanya nao kazi washazoea, mgeni akiiokota akauliza hii ina nini wanamwambia iache hiyo, ya bosi. Nitafika kwenye habari yake, ila nianze mwanzo manake bila mwanzo hamtaelewa kwanini kadi tupu inaniuma hivo.

Nilianza 2005 na picha za mnato. Na sikuanza kwa kupiga, nilianza kwa kubeba. Kuna mzee mmoja mpiga picha alinichukua nimsaidie, nikakaa nae karibu miaka miwili nafungua stendi, nashika riflekta, nakunja waya, nafuta lensi, kitufe cha kamera sijagusa. Nilikuwa naumia, naona ananibania ujuzi. Siku moja tumeingia kwenye chumba tumpige mtu picha, mi nawahi kufungua taa akaniambia kijana, weka chini kwanza. Akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mkono akakunja ngumi, akaanza kuzunguka taratibu huku anaiangalia ile ngumi. Akielekea dirishani vivuli vya kati ya vidole vinapotea kabisa, akigeuka robo vinarudi na kila kifundo cha kidole unakiona kimesimama peke yake, akigeuka zaidi mkono wote unakuwa mweusi unabaki ukingo tu unawaka. Akarudi pale kwenye robo akasema kiti kiweke hapa. Taa hatukufungua siku ile.

Yaani ndo somo zima lile. Watu wanadhani mpiga picha anaangalia mwanga, anaangalia kivuli, mwanga wenyewe huuoni mpaka uguse kitu. Mpaka leo nikiingia sehemu mpya kabla sijasalimiana vizuri na watu nshakunja ngumi.

Kingine alichonipa yule mzee ni umbali. Mi nilikuwa nikiona giza naongeza taa, yeye anasogeza stendi. Taa iliyo mita 2 kutoka kwa mtu ukiileta mita 1 mwanga unaomfikia unakuwa mara 4, sio mara 2, na ukiirudisha mita 4 inabaki robo ya ule wa mwanzo. Na haiishii kwenye wingi. Ukiisogeza karibu sana uso unawaka na ukuta wa nyuma unazama gizani wenyewe, ukiirudisha mbali uso na ukuta vinakaribiana. Kwahiyo na taa moja unaweza kutengeneza vyumba viwili tofauti bila kubadilisha chochote zaidi ya miguu ya stendi. Nilikuja kuelewa kwamba hakuwa ananibania, alikuwa hataki nianze na kitufe.

Sasa mwaka 2008 Canon wakatoa 5D Mark II, kamera ya picha za mnato ambayo inarekodi video ya HD kamili kwenye sensa kubwa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, muda mfupi kabla Nikon walishatangaza D90 nayo inarekodi video. Wale ambao hawakuwepo hawawezi kujua kilitokea nini. Kabla ya hapo ule muonekano wa sinema, mtu yupo kwenye fokasi na nyuma yake kumeyeyuka, ulikuwa wa watu wenye kamera kubwa na bajeti kubwa. Ghafla mpiga picha yeyote mwenye lensi zake anaweza. Mimi niliipata mwaka 2010 ikiwa imetumika, nikajiita mpiga filamu siku hiyohiyo.

Kumbe kamera ile ile ila kazi nyingine kabisa. Nilikuwa na mazoea yangu ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, mtu anatembea naweka 1 kwa 500 ya sekunde ili nimgandishe, picha inatoka kali kama kisu. Nikafanya hivohivo kwenye video. Mtu akipunga mkono unaona mikono mingi midogo inaruka, haitiririki. Kwa video ya fremu 24 au 25 kwa sekunde unataka shata iwe karibu 1 kwa 50, ili kila fremu iwe na ukungu kidogo wa mwendo, jicho liunganishe. Sawa, nikaweka 50, nikatoka nje mchana, picha yote nyeupe! Kwenye picha za mnato ningekimbilia shata, hapa shata imefungwa, ukibana tundu la lensi unapoteza ule muonekano ulioufuata. Ndo nikajua kwanini wenzetu wanatembea na vioo vyeusi vya ND, kila stopu inakata mwanga nusu, kwahiyo kimoja cha stopu 6 kinapitisha sehemu 1 tu ya mwanga kati ya 64. Niliingia kazini mwaka mzima bila hicho kioo, kazi zangu za mwaka ule siwezi kuziangalia.

Ila shata ni ya kujifunza wiki moja. Kilichonichukua muda mrefu ni kukaa. Picha ya mnato inakufundisha kuwinda, unavizia, unapiga, unaondoka. Mi nilibeba huo uwindaji nikaingia nao kwenye video, mtu akimaliza sentensi nazima, akifika mlangoni nazima. Kulikuwa na dada mmoja mhariri tulikuwa tunafanya nae kazi, akaniita kwenye meza yake akanionesha klipu zangu kama 30 moja baada ya nyingine, hakusema kitu, mwisho akageuka akasema kaka, watu wako wote unawaacha kabla hawajamaliza. Nikamwambia mbona wamemaliza kuongea. Akasema kuongea ndio.

Hiyo ilinikaa. Akanipa sheria moja ya kijinga kuisikia, kitendo kikiisha hesabu mpaka 10 ndo uzime. Nikaanza kuhesabu. Na ndani ya zile sekunde 10 ndo nikaanza kuona vitu ambavyo miaka mitano sijawahi kuviona kwenye kioo, mtu akishajibu swali anameza mate, anaangalia pembeni, anacheka kidogo peke yake, kile alichokisema kinamfikia yeye mwenyewe. Karibu kila kitu kizuri nilichowahi kurekodi kimetoka humo baada ya jibu.

Basi 2012 nikapata kazi ya dokumentari, tunahoji wazee kuhusu kazi walizozifanya enzi zao. Kulikuwa na bibi mmoja alikuwa mkunga, mtu wa maneno machache, mikono yake mikubwa ameilaza mapajani. Aliongea kama dakika 40 kawaida tu, ratiba za zamu, vifaa, kutembea usiku. Halafu mwongozaji akamuuliza kama anamkumbuka mtoto wa kwanza kumpokea. Akasema namkumbuka. Akanyamaza. Mi nipo kwenye kamera, nimemkaza usoni, nikaanza kuhesabu. Nikafika 10, nikapita. Akavua miwani taratibu, akaishika kwa mikono miwili, akawa anaifuta na upindo wa nguo yake, kioo kimoja, kingine, anarudi cha kwanza, na yale macho bila miwani yalikuwa ya mtu mwingine kabisa, ya msichana. Sekunde kama 40 hivi. Akavaa miwani akasema, hakulia, mpaka nikampiga. Basi. Nilishusha pumzi nikajua leo ndo nimekuwa mpiga filamu.

Usiku ule tumechoka, tumeamka saa 10 alfajiri, nina kadi mbili za gigabaiti 32 zinafanana rangi na hazina alama yoyote. Moja nshaihamisha kwenye kompyuta, moja bado. Asubuhi kabla jua halijatoka nikataka kuwahi picha za mazingira, nikachomeka kadi, nikaifomati, nikarekodi ukungu na miti dakika 20. Ukungu ulikuwa mzuri sana.

Nimekuja kujua saa 4.

Nieleze hapa kitu ambacho kila anayeshika kamera akijue, manake mi sikukijua. Ukifomati kadi kwenye kamera nyingi video haifutiki pale pale, kinachofutwa ni ile orodha inayosema faili fulani lipo wapi. Data yenyewe bado imelala. Ukiitoa kadi muda huohuo ukaiweka pembeni, kuna programu za kuokoa mafaili zinaweza kukurudishia vingi au vyote. Kinachoua ni kurekodi juu yake. Ningeishia kwenye kufomati huenda bibi yangu angekuwepo, nilimfunika mwenyewe na miti. Tulijaribu kwa siku mbili, tukapata vipande vya mwanzo mwanzo, zamu na ratiba. Miwani haikurudi.

Nilienda kumwambia mwenyewe, mwongozaji alitaka twende wote nikakataa. Nikakaa chini nikamwambia bibi shikamoo, nimekuja na kosa. Nikamweleza. Akaniangalia muda, akasema mwanangu, mi nshasema. Hakuwa na hasira, ndo ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya siku mbili akakubali kukaa tena. Akasimulia vizuri, kwa mpangilio hata kuliko mwanzo, akafika kwa yule mtoto akasema hakulia mpaka nikampiga, akaendelea na jingine. Nilihesabu mpaka 30. Miwani ilibaki usoni.

Hicho ndo kipande kilichotumika, watu walikiona wakakisifia, wakanisifia na mwanga. Hakuna aliyejua kuna kingine zaidi yetu sisi wachache, na yeye.

Toka siku ile neno lililonikaa kichwani ni amana. Mtu akikaa mbele ya kamera yako kuna kitu amekukabidhi, sio umekipiga, amekukabidhi. Na amana haiangalii kama umelala au hujalala. Saivi kadi zangu zote zina namba. Ikitoka kwenye kamera inabandikwa utepe mwekundu hapohapo, na haibanduliwi mpaka kuwe na kopi 3, diski 2 tofauti na kopi 1 inalala jengo jingine kabisa. Kopi haifanywi kwa kuburuta faili na kipanya, kuna programu zinasoma faili la mwanzo na kopi yake zinalinganisha kama vimefanana mpaka biti ya mwisho, na zile zipo mpaka za bure. Anayehamisha data sio yule aliyeshika kamera siku nzima. Na diski zinaingia kwenye bei ya kazi, nazitaja mapema. Mteja anaweza kushangaa, ila kamera ikirekodi megabiti 400 kwa sekunde hiyo ni gigabaiti 3 kwa dakika, kadi ya gigabaiti 128 inajaa chini ya dakika 45, mahojiano ya saa moja ni gigabaiti 180, zidisha mara kopi zake uone. Ukiificha hiyo gharama utaishia kubana kopi, na siku unayobana kopi ndo siku ya bibi.

Amana ya pili ni sura ya mtu. Hapa naongea kwa uchungu manake nimeona watu wengi weusi wamepigwa picha wakatoka kama kivuli na meno, mpiga picha anasema mwanga ulikuwa mdogo. Mwanga haukuwa mdogo, hakumtazama. Kipimo cha mwanga cha kamera hakimjui mtu, kinadhani dunia nzima ni kijivu cha wastani na kinajaribu kuirudisha hapo, mtu mwenye ngozi nyeusi akivaa nguo nyeupe kamera inaona nguo inapunguza mwanga, uso unapotea. Na hili lina historia, Kodak walikuwa wanasambaza kwa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, ziliitwa kadi za Shirley, kwa miongo mingi rangi sahihi ya ngozi ilikuwa ni ile, na mpaka miaka ya 1990 ndo wakatoa kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Kwahiyo ukiacha kamera iamue yenyewe unarithi macho ya mtu mwingine.

Ninachofanya, napima usoni sio nguoni. Na simmwagii mtu mweusi taa nyingi za mbele, ngozi nyeusi inapendeza kwa kuakisi, unaleta chanzo kikubwa laini kutoka ubavuni, kitambaa cheupe kipana, ukuta mweupe, dirisha, halafu unaona kinavyoteleza kwenye shavu na paji la uso kinachora mfupa. Kwenye hilo la kitambaa namshukuru Subrata Mitra, Mhindi, alianza kupiga filamu akiwa na miaka 21, hajawahi kushika kamera ya sinema maishani, alikuwa mpiga picha za mnato tu. Kwenye filamu ya 1956 walijenga ua wa nyumba ndani ya studio, na mwanga wa studio unatoa vivuli vya studio, ua wa kweli hauna vivuli vile. Akatandika kitambaa cheupe juu ya seti nzima akaelekeza taa kwenye kitambaa badala ya kwenye watu, mwanga ukashuka kama wa anga. Leo kila mtu anafanya, wengine wanajua wamejifunza mtandaoni.

Na wa kwetu namtaja Mohamed Amin kila nikikaa na vijana. Alianzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, alikuwa anapiga picha za mnato na video kwa pamoja, begani hiki shingoni hiki. Picha alizozileta kutoka Korem, Ethiopia, 1984 ndo zilifanya dunia isimamishe mambo yake ikaangalia njaa ile. Mwaka 1991 akapoteza mkono wa kushoto kwenye mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akawekewa wa bandia akarudi kazini, akafariki kwenye ajali ya ndege iliyotekwa 1996. Vijana wanapenda sehemu ya mkono. Mi huwa nawarudisha Korem. Wale waliokuwa wamelala pale chini hawakuwa na njia nyingine ya kuongea na mtu yeyote, kilichokuwepo ni ule mkanda, na aliyeubeba aliufikisha.

Mwenyewe niliwahi kumpiga baba mmoja picha akiwa msibani, analia amejishika ukutani, mwanga mzuri, nimepiga fremu tatu. Jioni akanifuata taratibu akaniuliza, ile umempigia nani? Nikatafuta jibu sikulipata. Nikazifuta mbele yake. Sijasema usipige huzuni, nimeendelea kupiga huzuni nyingi tu, ila lile swali huwa najiuliza kabla.

Mambo ya hela nitapita haraka. Kuna kampuni nilishawahi kuipigia siku 9, nikawakabidhi mafaili ghafi yote kwa kuaminiana, hatujaandikishana kitu, nilikuja kulipwa baada ya miezi 14 na sio yote. Andikeni. Mafaili ghafi ni ya nani, marekebisho mara ngapi, nusu inaingia kabla hujawasha kamera, nusu kabla hujakabidhi. Na mgongo, jamani, kamera na mazagazaga yake ikifika kilo 10 begani masaa manne kwa siku kwa miaka, uti wa mgongo unaandika deni. Mi nimelala chini wiki tatu mwaka 2017 sigeuki. Nunua mkanda mzuri wa kubebea kabla ya lensi ya pili.

Kitu ambacho sikukitegemea kwenye filamu ni kwamba ningependa kuwa na watu. Kwenye mnato nilikuwa peke yangu na nilijiona natosha. Saivi nina binti mmoja anavuta fokasi, na sijawahi kuona mtu anasikiliza mwili wa mwenzake kama yule. Lensi ya milimita 85 kwenye f/1.4, yaani tundu limefunguliwa sana, mtu akiwa mita 1 na nusu, sehemu iliyo kwenye fokasi ni kama sentimita 2 na nusu tu, pua na macho ya mtu mmoja yanaweza kuwa dunia mbili. Mtu anayeongea haachi kuyumba, akivuta pumzi kifua kinaenda mbele na kichwa kinafuata. Yeye haangalii skrini muda wote, anaangalia mabega ya mtu, anasema bega linatangulia kabla ya kichwa. Mkono wake upo kwenye ringi ya lensi unasogea milimita moja, nusu, unarudi, na mimi naona macho ya mhusika yanabaki makali kama vile hajasogea kabisa. Akiikosa huwa hasemi, anakunja midomo tu, najua turudie.

Majuzi tulikuwa na mzee mmoja, fundi saa wa zamani, tunamhoji. Ameulizwa kitu kuhusu kaka yake akajibu vizuri akamaliza. Kimya. Kijana mpya tuliyenae wiki ya pili ndo alikuwa kwenye kamera ya pembeni, nikaona mkono wake unaenda kwenye kitufe, akanitazama, nikatikisa kichwa. Akautoa. Mzee akachukua saa iliyokuwa mezani akaiweka sikioni, akaisikiliza. Binti yuko kwenye ringi, bega la mzee linashuka taratibu. Dakika 1 na sekunde 52, niliiona baadae kwenye faili.

Usiku kadi zina utepe mwekundu, kopi ya kwanza imeisha, ya pili inasoma asilimia 70. Kijana amechoka macho yamekuwa mekundu, akasema bosi shughuli imebaki ya kompyuta, naweza kulala? Nikamwambia lala tu, mi nasubiri imalize nifungue klipu ya mwisho niione inacheza. Akachukua begi lake mpaka mlangoni. Kopi ikaisha, nikafungua. Sauti ya ile saa ilikuwa imeingia kwenye maiki, ndogo, tik tik, mzee ameinamisha kichwa. Nikasikia begi linawekwa chini nyuma yangu, kijana akavuta kiti akakaa.